Mimba ya Pacha katika Usambara

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hupanda kwa kilometa zipatazo 33, ikiambaa ubavu wa mlima, jabali upande mmoja na bonde upande wa pili. Chini kuna joto na mashamba ya mkonge. Soni kuna ukungu. Na Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko mita zipatazo 1,400 juu ya bahari. Katika barabara hiyo huchipuka njia nyembamba zaidi za kwenda Vuga, Bumbuli, Mlalo na Mtae, na katika njia hizo huchipuka vijia vya miguu visivyo na idadi, vipitavyo kati ya migomba na matuta ya viazi. Humo mizigo huchukuliwa kwa kichwa na kwa mgongo. Mwanamke mwenye mimba changa hupita na tenga lake la kabichi kama mwenziwe asiye na mimba, na jirani amwonaye hana sababu ya kudhani kuwa amebeba zaidi ya kile kilicho kichwani.

Hivyo ndivyo atakavyo mwenyewe. Mimba katika milima hii, kama katika sehemu nyingi za nchi, si habari ya kutangazwa mapema. Mume hujua, na yamkini mama mzazi. Wengine huachwa wajue kwa macho, tumbo likisha kujisema lenyewe. Uchunguzi wa taifa wa afya na uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa, katika Tanzania nzima, takriban mwanamke mmoja tu kwa kila wanne alikwenda kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza kabla ya mwezi wa nne. Wako waisikiao hesabu hiyo wakasema ni ujinga, au ushirikina. Hukumu hiyo ni ya haraka. Mimba nyingi ziharibikazo huharibika katika wiki 12 za kwanza; anyamazaye mpaka wiki hizo zipite amefanya hesabu ambayo daktari hawezi kuikanusha. Asiyetangaza hapelekewi pole asizozitaka, wala hasemwi kuwa tumbo lake halishiki, wala hatafutwi jirani wa kulaumiwa.

Na katika Usambara lawama ya uzazi si jambo dogo. Historia yenyewe ya ufalme wa mlima huanza na jino la mtoto. Mbegha, kama asimuliavyo Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kabla ya meno ya chini. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego aliaminiwa kuwa huleta vifo katika ukoo. Wazazi walimficha. Lakini vifo vilipotokea, kama vitokeavyo katika kila ukoo, ishara ile ya utotoni ilikumbukwa, naye akafukuzwa kwao, akaenda zake na mbwa wake wa kuwinda, hata akafika Usambara, akaua simba, na Washambaa wakamweka kuwa mfalme Vuga. Hadithi hii hupendwa kwa ajili ya simba. Yafaa mara moja isomwe kwa ajili ya wazazi: watu wawili walioiona dalili katika kinywa cha mtoto wao, wakajua itasomwaje na walimwengu, wakafunga midomo.

Kwa hiyo siri ina heshima yake. Shida ni moja. Katika mimba ya pacha kuna jambo ambalo huonekana vizuri wakati ule ule wa siri, na siri ikisha kufunuliwa, jambo hilo aghalabu halionekani tena.

Pacha ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa mayai mawili, nao ni ndugu kama ndugu wengine, isipokuwa wamesafiri safari moja. Wa pili ni wa yai moja lililogawanyika. Hawa wa pili hutokea kwa kiasi kilicho karibu sawa ulimwenguni kote, mimba 3 au 4 hivi katika kila 1,000. Wale wa kwanza huzidi sana katika Afrika kuliko Asia au Ulaya. Ndiyo maana majina ya pacha, Kulwa na Doto kwa wengi, Hasani na Huseni kwa Waislamu, husikika katika kila soko. Lakini furaha ya majina hulifunika swali ambalo mkunga hana budi kuliuliza kabla ya majina, nalo ni hili: watoto hawa wana makondo mangapi?

Jibu hutegemea siku. Yai likigawanyika katika siku 3 za kwanza, kila mtoto hupata kondo lake na chupa yake ya maji. Likigawanyika kati ya siku ya 4 na ya 8, na hali hii ni yapata theluthi mbili ya pacha wote wa yai moja, watoto hushiriki kondo moja ila kila mmoja huwa katika chupa yake. Likichelewa zaidi, hukaa wote katika chupa moja, na viungamwana vyao vyaweza kusokotana kama kamba za mbuzi wawili waliofungwa katika mti mmoja. Likichelewa kupita siku ya 13 hivi, mgawanyiko hautimii, na watoto huzaliwa wameungana. Watanzania hawahitaji mchoro wa hali hii ya mwisho. Maria na Consolata Mwakikuti walizaliwa Makete mwaka 1996, wakasoma, wakamaliza kidato cha sita mwaka 2017 katika shule ya Udzungwa, wakaingia chuo kikuu Iringa, na walipofariki tarehe 2 Juni 2018 nchi nzima iliomboleza kama iliyofiwa nyumbani.

Kuungana huonekana kwa kila jicho. Kondo moja halionekani kwa jicho lolote mpaka watoto wamekwisha kuzaliwa, na humo ndimo hatari kubwa hukaa. Katika kondo moja mishipa ya mtoto huyu hukutana na mishipa ya mtoto yule. Mganga mmoja wa Ujerumani, Friedrich Schatz, aliichunguza mishipa hiyo katika karne ya 19, akaona kuwa mbali na mzunguko wa damu wa kila mtoto kuna mzunguko wa tatu, ulio wa wote wawili. Kwa kawaida mzunguko huo husawazika: kinachotoka huku hurudi kwa njia nyingine. Katika mimba 10 mpaka 15 kwa kila 100 za kondo moja, usawa huvunjika. Mtoto mmoja humpa mwenziwe damu bila kurudishiwa. Anayetoa hukauka: hakojoi, na kwa kuwa maji ya chupa kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto, chupa yake hupungua mpaka ngozi yake nyembamba ikamfunga mwilini kama kanga iliyolowa. Anayepokea hufurika: hukojoa bila kiasi, maji yake huongezeka, tumbo la mama huvimba, na moyo wake mdogo, ukisukuma damu isiyo yake, huchoka. Hali hii isipotibiwa katika miezi ya katikati ya mimba, aghalabu huwaua wote wawili.

Iko na hali nyingine iliyo adimu kuliko hiyo, ambayo hesabu za zamani ziliikadiria kuwa moja katika mimba 35,000. Mmoja wa pacha hana moyo, au ana kipande tu cha moyo, naye hulishwa kwa damu ya nduguye inayomjia kinyumenyume. Mpimaji asiye na habari humwona, hakuti moyo upigao, huandika kuwa pacha mmoja amekufa, na kumrudisha mama nyumbani kwa maneno ya faraja. Baada ya wiki mbili huyo aliyeandikwa kuwa amekufa huwa amekua. Hapo ndipo aliye makini hushtuka, maana maiti haikui. Na aliye hai, asukumaye damu ya watu wawili, ndiye aliye katika hatari. Katika utabibu makosa kama haya hayatoki katika kutokuona. Hutoka katika kupima mara moja tu.

Sasa, kondo moja na makondo mawili hutambuliwaje tumboni? Kwa mashine ya mawimbi ya sauti, iitwayo ultrasaundi, ambayo Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliitangazia dunia ya waganga mwaka 1958, baada ya kuiazima elimu yake kutoka viwandani, ambako sauti ilikuwa ikitumiwa kutafutia nyufa ndani ya chuma. Mpimaji hutazama mahali ambapo ukuta ulio kati ya watoto huungana na kondo. Ikiwa makondo ni mawili, nyama ya kondo hujipenyeza katika mwanzo wa ukuta kama kabari, ikafanya umbo ambalo wataalamu waliliita kwa herufi ya Kiyunani, lambda. Ikiwa kondo ni moja, ukuta ni mwembamba mno na hushuka wima, ukafanya herufi T. Kabari hiyo husomeka waziwazi kati ya wiki ya 11 na ya 14. Baadaye hufifia, ukuta hunyooka, watoto hujaza nafasi, na herufi ile iliyosomeka kwa mtoto wa shule huwa kama maandishi ya ukutani yaliyopigwa mvua.

Hapo ndipo siri na mashine hugongana. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kuwa kila mjamzito apimwe kwa ultrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Kwa mimba ya mtoto mmoja pendekezo hilo ni jema. Kwa pacha wa kondo moja, wiki ya 23 yaweza kuwa siku ya mazishi, kwa kuwa ile hali ya kutoa na kupokea huanza kujionyesha tangu wiki ya 16, na wajuzi hutaka mama wa namna hiyo apimwe kila baada ya wiki mbili tangu wakati huo. Lakini ni nani atakayemwita kila wiki mbili, ikiwa hapana aliyejua wiki ya 12 kuwa kondo ni moja?

Mashine si ngeni katika upande huu wa nchi. Chini ya mlima, katika Korogwe, wanawake wapatao 1,000 walifuatwa kati ya 2008 na 2010 katika uchunguzi wa malaria ya wajawazito, na umri wa mimba zao ulipimwa kwa ultrasaundi. Kwa hiyo si kweli kusema, kama wengine wasemavyo kwa uvivu, kuwa elimu hii ni ya Ulaya na mlima hauijui. Kilicho kirefu ni njia kati ya mwanamke na mashine, na sehemu ngumu ya njia hiyo haiko barabarani.

Sehemu ngumu ni benchi. Zahanati nyingi za mlimani zimejengwa kando ya njia, ili zifikike, na mbele yake pana benchi ambalo wajawazito hukaa siku ya kliniki. Njia hiyo ndiyo iendayo sokoni. Anayekaa katika benchi hilo akiwa na mimba ya miezi miwili ameitangaza mimba yake kwa kijiji chote kabla ya saa sita. Wasemao kuwa wanawake wa mlimani hawataki kupimwa hawajawahi kulitazama benchi hilo wakiwa wapita njia.

Na achukuliwe mkunga mmoja wa zahanati ya namna hiyo, katika vilima vilivyo kati ya Soni na Bumbuli. Hana haja ya kutajwa jina, kwa kuwa wakunga walio kama yeye ni wengi, na hata wanawake walio kama yule atakayesimuliwa pamoja naye. Ni mtu mzima, amezalisha mama na baadaye binti wa mama yule yule. Mkono wake ni mashine ya kwanza. Anajua kuwa katika wiki ya 20 kilele cha mji wa mimba hufika kitovuni, na katika wiki ya 36 hufika karibu na chembe cha moyo. Akikuta kimezidi, hukumbuka sababu tatu, kwa mpango huu: mama amekosea hesabu ya mwezi, au watoto ni wawili, au maji ni mengi. Akishuku wawili, humwita mwenziwe. Kila mmoja huchukua pembe yake ya kusikilizia, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakahesabu kwa dakika moja ile ile bila kusemezana. Hesabu zao zikipishana kwa mapigo 10 au zaidi, mioyo ni miwili. Zikiwa sawa, huenda wote wawili wameusikia moyo mmoja kutoka pande mbili. Njia hii ni ya zamani, nayo hufaa mimba ikisha kukomaa. Juu ya kondo haisemi neno.

Mwanamke aliyemjia mkunga huyu alikuwa na mimba yake ya pili. Alikaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza katika wiki ya 17, akiwa amesindikizwa na mama mkwe wake. Mkono wa mkunga ulikuta kilele kitovuni, mapema kwa wiki tatu. Akauliza mwezi wa mwisho. Mkwe ndiye aliyejibu, kwa kuwa alikuwa ameuhesabu kwa mavuno ya mahindi. Mkunga akatazama mavuno hayo kichwani mwake, akaona hesabu ni ya kweli.

"Mwanangu, uteremke Lushoto ukapigwe picha," akasema.

"Nitakwenda, mama, viazi vikisha kuuzwa."

Hilo si jibu la mpuuzi. Nauli hutoka katika viazi. Lakini mkunga alijua pia kuwa hakuuliza alilotaka kuuliza, yaani kama katika ukoo wamo pacha, kwa sababu mkwe alikuwa amekaa pale, na kulitaja jambo hilo mbele yake kungalikuwa kulianzisha jambo. Siri moja ilikuwa imekwisha. Ya pili ilikuwa imeanza.

Wiki tatu baadaye alirudi, naye hakungoja siku ya kliniki. Tumbo lilikuwa limepanda mpaka vidole vichache chini ya chembe cha moyo, na ngozi yake ilimeta. Utepe ulisoma sentimita 32, mahali ambapo ungepaswa kusoma 20 au kuzidi kidogo. Hakuweza kulala chali, wala kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Mkwe alikuwa na furaha.

"Huyu ni dume," akasema. "Anakua kama mgomba wa bondeni."

Mkunga akaweka mikono. Hakukuta kichwa, wala mgongo, wala kisigino. Alikuta maji, tena yaliyokaza kama ngozi ya ngoma. Akagusa upande mmoja kwa ncha za vidole, wimbi likafika upande wa pili. Akasikiliza, akapata moyo mmoja kwa mbali. Kisha akamwomba mkwe aende kwa karani kuitafuta kadi, ingawa kadi ilikuwa mezani chini ya daftari, na mlango ulipofungwa akauliza kwa sauti ndogo alilopaswa kuliuliza wiki tatu kabla. Mama akajibu kuwa hakuna pacha kwao, wala kwa mumewe. Jibu hilo, ambalo lingemtuliza mtu mwingine, lilimtia mkunga wasiwasi zaidi. Maana pacha wa mayai mawili hufuata koo, bali kugawanyika kwa yai moja hakuulizi mtu wa ukoo gani. Akaandika barua ya rufaa. Mwanamke alishuka siku ile ile kwa pikipiki, ambayo si kipando cha mtu wa hali yake, lakini ndiyo iliyokuwapo.

Picha ya kwanza karibu imdanganye mpimaji. Aliona mtoto mmoja anayeogelea katika maji mengi, na mwingine, mdogo, aliye juu karibu na ukuta wa mji wa mimba. Ukuta wa kuwatenga hakuuona. Mtu angeweza kuandika: chupa moja, watoto wawili, na kugeuza nia yake yote kwenye viungamwana na kusokotana kwake. Mpimaji yule alikuwa amefunzwa kutosadiki asichokiona. Akamwambia mama ageuke ubavu, akangoja, akatazama tena. Mtoto aliye huru katika maji huzama kufuata uzito wake, kama jiwe katika mtungi ulioinamishwa. Huyu hakuzama. Alibaki pale pale juu, amening'inia penye ukuta, akiwa amefungwa na chupa yake mwenyewe iliyokwisha maji na kumganda mwilini. Ukuta wa kuwatenga ulikuwapo, ulikuwa umemvaa.

Baada ya hapo yaliyobaki yalikuwa vipimo. Penye maji mengi kina kilikuwa sentimita 11. Penye mtoto mdogo hakikufika 2. Kibofu cha mtoto mdogo hakikuonekana hata baada ya kungojewa, na hiyo, kwa madaraja yaliyowekwa mwaka 1999 na Quintero na wenzake, ni daraja la pili katika matano. La tano ni kifo. Watoto wote wawili walikuwa wa kike. Kabari haikuonekana, lakini kutoonekana kwa kabari katika wiki ya 20 si ushahidi wa kondo moja kama kungekuwa katika wiki ya 12. Mpimaji akaandika "yaelekea kondo moja", na neno hilo "yaelekea" lilikuwa ndilo bei ya wiki nane.

Mkwe alipoambiwa kuwa ni wawili, alinyamaza. Kisha akauliza ni yupi aliye mgonjwa. Akajibiwa: wote wawili, na yule mkubwa anayeonekana kuwa na afya, moyo wake ndio uliolemewa. Jambo hilo lilimpata kwa ugumu kuliko habari ya pacha, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa ameona kuwa kikubwa ndicho kizima.

Tiba iliyo bora ni kuingiza darubini nyembamba katika mji wa mimba na kuichoma kwa mwanga wa leza mishipa iunganishayo watoto, mmoja baada ya mwingine, mpaka kondo moja liwe kana kwamba ni mawili. Julian De Lia wa Marekani na wenzake waliitangaza mwaka 1990. Mwaka 2004 uchunguzi wa wanawake 142 wa Ulaya uliilinganisha na njia ya kale, ya kutoa maji kwa sindano, ukaonyesha kuwa katika mimba 76 kwa kila 100 za leza angalau mtoto mmoja alikuwa hai baada ya siku 28, na katika 56 kwa kila 100 za sindano. Yafaa hesabu ya pili isidharauliwe. Mahali ambapo darubini haipo, 56 ni nyingi kuliko karibu na sifuri.

Mwanamke alipelekwa Tanga. Huko maji yalitolewa mara mbili kwa sindano ndefu, lita moja na nusu kwanza, na nyingine baada ya siku tisa. Pumzi yake ilirudi. Mtoto mdogo alionekana kupata maji kidogo, na siku moja kibofu chake kikaonekana, cheusi katika picha, si kikubwa kuliko punje ya harage. Mkwe alikuwa amelala sakafuni chini ya kitanda usiku wote huo, akiwa na mkeka wake na chupa ya chai. Hakulitaja neno dume tena.

Huko nyuma mlimani mkunga alifanya jambo ambalo halikuhitaji fedha wala kibali kikubwa. Siku ya kupima uzito wa watoto wachanga hujaza uwanja wa zahanati, na kila mwanamke aliye na mtoto mgongoni ana sababu ya kuwapo, wala hapana amwulizaye. Akaanza siku hiyo, wakati wa kusoma mizani, kumwuliza kila mama kwa sauti ya chini tarehe ya mwezi wake wa mwisho. Mwenye kusita humwandikia kikaratasi cha Lushoto, akakikunja ndani ya kadi ya mtoto. Kwa macho ya njia, mama huyo amekuja kwa ajili ya uzito wa mtoto. Siri yake imebaki siri, na ujumbe umefika katika wiki ya 10. Hili haliwafikii wenye mimba ya kwanza, ambao hawana mtoto wa kumbeba. Kwao mkunga bado anatafuta njia.

Uchungu ulianza katika wiki ya 29, usiku. Watoto walizaliwa wakipishana kwa dakika sita. Mkubwa alikuwa mwekundu sana, wa pili mweupe kama karatasi, tofauti ambayo kila aliyekuwapo aliiona bila kuelezwa. Mkubwa aliishi siku mbili. Mdogo alifungwa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, chini ya kanga mbili, akakaa humo wiki saba, akaongezeka kwa gramu chache kila siku, akashuka siku nyingine, akaongezeka tena.

Lakini usiku ule wa kuzaliwa, hayo yakiwa hayajajulikana, mkunga wa zamu aliliweka kondo katika beseni chini ya taa. Lilikuwa moja, nusu nyekundu iliyovimba, nusu ya kijivu. Akashika ukuta mwembamba uliokuwa kati ya chupa mbili, akaufikicha kwa vidole. Ukuta wa makondo mawili una ngozi nne. Huu ulitengana ukawa ngozi mbili tu, kila moja nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na mwanga wa taa ukapita. Mama mkwe alikuwa mlangoni na kitambaa cheupe mkononi. Alikuwa amekuja kulitaka kondo, akalizike.

"Ngoja kidogo, bibi," mkunga akasema.

Akaifungua kadi ya mwanamke, akalipata lile neno lililoandikwa Lushoto, akalikata kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika: kondo moja, chupa mbili. Kisha akalifunga kondo katika kitambaa, akampa.